Kati ya Kufa na Kupona: Uhakiki wa Sanaa Yetu juu ya Waraibu wa Pwani

Utangulizi

Ifikapo tarehe 26 Juni kila mwaka, huadhimishwa siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiteua mwaka 1987 kuwa ya kupiga vita dawa za kulevya. Katika shule zetu huandaliwa ngonjera, nyimbo na michezo ya kuigiza. Wazazi hualikwa, viongozi huhutubia, na vijana hupanda jukwaani kuonyesha madhara ya unga. Sanaa hii imekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wa shule, na kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama sanaa nyingine yoyote. Walakini ni nadra kuona ikihakikiwa. Kwa kuwa shabaha yake ni njema, watu huipigia makofi wakaenda zao.

Katika makala haya hatukusudii kuipinga shabaha hiyo. Tunakusudia kuuliza swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza mbele ya kazi yoyote ya sanaa: je, inasema kweli? Na kama kuna kweli inayoiacha, ni nani anayeumia kwa upungufu huo?

Tumechagua kuitazama pwani, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko heroini ilikoingilia, na huko ndiko nyumba za kuwatibu waraibu zilikoanza kujengeka. Tena huko ndiko Kiswahili na sanaa zake zilikokulia. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: sanaa yetu ya kuonya inajua hali mbili tu za mraibu, kufa na kupona. Lakini mtu anayetibiwa huishi miaka mingi mahali pa katikati, ambapo lugha yetu imepaita siku zote kupata nafuu. Mahali hapo sanaa yetu haijapafikia bado.

Unga ulivyokuja na tiba ilivyofuata

Historia yenyewe tutaipitia kwa haraka. Heroini ilianza kuenea katika pwani yetu katika miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa ya rangi ya kahawia, nayo ilivutwa kama moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia ile nyeupe, inayoyeyuka upesi katika maji, na pamoja nayo ikaja sindano. Sindano moja ilipita mikono mingi, ikabeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mzigo wenyewe hutoka Afghanistan, hupakiwa katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Aprili 2014, wakati manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilipolisimamisha jahazi moja karibu na pwani ya Kenya na kukuta ndani yake kilo 1,032 za heroini.

Tiba ilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hospitali. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, nayo ikafuatwa na hospitali za Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2015 tiba hiyo ikafika Zanzibar na Malindi. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mtoa huduma, na kwa siku nzima mwili wake hutulia, akaweza kula, kulala na kufanya kazi.

Njia ya pili ni ya nyumba ambazo watu wa pwani huziita soba. Huko Unguja nyumba ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 2009, kwa uhusiano na watu wa Detroit, Marekani, ambao wao wenyewe walikuwa wamepita njia hiyo. Wakazi wake huishi pamoja kwa miezi kadhaa bila dawa yoyote ya kulevya, na kila siku hukutana kuzungumza. Utaratibu wao umetoka katika hatua 12 za Narcotics Anonymous, chama kilichoanza California mwaka 1953 kwa kufuata mfano wa walevi wa pombe waliojiunga pamoja tangu mwaka 1935. Leo nyumba za namna hiyo ziko pia Bagamoyo, Kigamboni na kwingineko.

Majina tunayowaita

Uhakiki wa fasihi huanza na lugha, nasi tuanze hapo. Jina linalotumika sana mitaani ni teja, wingi wake mateja. Likitazamwa kwa jicho la sarufi, jina hili linafanana na mteja aliyevuliwa m- ya ngeli ya watu. Kiswahili kina desturi hiyo: mzee akidharauliwa huwa zee, mtoto huwa toto, mtu huwa jitu. Mteja ni mtu anayekwenda dukani kisha akarudi kwake; teja ni kitu kibaya kilichosimama pembeni mwa njia. Ni kweli kwamba wenyewe hulitumia neno hilo wao kwa wao, pengine hata kwa mapenzi. Lakini neno la utani baina ya ndugu huwa tusi likitamkwa na mgeni, na likitamkwa jukwaani na mwanafunzi mbele ya wazazi huwa hukumu.

Hati za serikali na za hospitali zimechagua neno mraibu. Uchaguzi huu ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Uraibu ni neno la kale, nalo lilitajwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani: tambuu, tumbaku, kahawa ya barazani. Mzee aliyekosa tambuu yake alijulikana kwa hasira zake, na watu wa nyumbani walimwelewa. Kwa hiyo neno hili linaiweka heroini katika jamaa moja na mazoea ambayo kila nyumba inayajua. Linatufundisha kwamba tofauti iko katika ukali wa kitu na madhara yake, na kwamba aliyenaswa ni mtu kama sisi. Mwalimu anayewaeleza wanafunzi historia ya neno hili amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Kuna neno jingine ambalo halikutoka shuleni wala hospitalini. Ni arosto. Hilo ni jina la hali inayomshika mraibu saa chache baada ya heroini kupungua mwilini: mafua na machozi, kuhara na kutapika, baridi katikati ya joto, maumivu ya mifupa, na usingizi kukataa kabisa. Hali hiyo hukazana siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Neno hili limetoka kwa walioiugua hali yenyewe, na lina thamani kwa sababu linataja ugonjwa bila kutaja dhambi. Mchezo wa kuigiza unaomwonyesha mwizi wa sufuria bila kumwonyesha mtu mwenye arosto umetuonyesha tendo ukatuficha chanzo chake.

Lakini neno lililo kiini cha makala haya ni nafuu. Kiswahili hupambanua kati ya kupona na kupata nafuu. Mtu akiulizwa habari za mgonjwa wake hujibu kwamba ana nafuu, hajambo kidogo. Jibu hilo halidai kwamba ugonjwa umekwisha, wala halikati tamaa. Tena linawaruhusu watu waendelee kuja kumtazama mgonjwa, kwa uji au kwa neno la faraja tu. Katika lugha ya serikali soba zimeitwa nyumba za upataji nafuu. Wengine huziita nyumba za kurekebisha tabia. Majina haya mawili hayalingani. La kwanza linamweka mkazi wa nyumba ile kati ya wagonjwa, ambao utamaduni wetu unatuamuru kuwatembelea. La pili linamweka kati ya watovu wa adabu, ambao utamaduni huo huo unatuonya tusiandamane nao.

Ngonjera na mipaka yake

Ngonjera ilipewa sura tunayoijua leo na Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitumika sana kueneza fikra za Ujamaa. Muundo wake unajulikana. Watu wawili au zaidi hubishana kwa beti. Mmoja hajui, au anakaidi, mwenzake anajua. Hoja hupandana mpaka yule asiyejua anakubali kwamba amekosa, na mwishoni wote huimba kwa sauti moja. Kwa kazi ya kuelimisha umma fani hii ilifaa sana. Mtu ambaye hakuona faida ya kisomo cha watu wazima au ya kuchemsha maji aliweza kuelezwa, akaelewa, akabadilika.

Tunapoitwaa fani hiyo na kuitia maudhui ya heroini, hutokea kasoro ambayo haitokani na udhaifu wa vina wala wa mizani. Kasoro iko katika msingi wenyewe. Ngonjera hudhani kwamba kosa linatokana na kutojua, na kwamba dawa ya kutojua ni hoja. Mraibu hapungukiwi na habari. Madhara ya unga anayajua kuliko mwenye busara anayemwonya, kwa sababu anayo mwilini mwake. Alikwisha kuona wenzake wakizikwa. Heroini ikitumiwa kila siku huuzoeza mwili hata ukashindwa kwenda bila hiyo, na hapo mtu hutafuta kete ya asubuhi ili aweze kusimama tu. Starehe ilikwisha zamani. Kumwambia mtu huyo kwamba unga ni mbaya ni kumwambia mwenye homa kwamba homa ina joto.

Kwa hiyo ule ubeti wa mwisho, ambao mla unga hutubu na kuahidi kuacha tangu siku ile, ni ubeti usiosema kweli. Ahadi hiyo mraibu wa kweli ameitoa mara nyingi, kwa mama yake, kwa mkewe, kwa Mungu wake, na kila mara alikuwa mkweli alipoitoa. Ngonjera inapomaliza mambo kwa ahadi hiyo humfundisha mwanafunzi kwamba kuacha ni suala la kutaka tu. Asiyeacha, basi, hataki. Na asiyetaka hastahili kuhurumiwa. Hitimisho hilo halikuandikwa katika beti, lakini wasikilizaji huondoka nalo.

Mchezo unaoishia kaburini

Michezo ya kuigiza ina njia nyingine. Mara nyingi husimama juu ya methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana mwema hukutana na marafiki wabaya. Huanza kwa kuonja, akaendelea kwa kuiba, akafukuzwa nyumbani, na mwisho hufa. Mama hulia, mzee hutoa wosia kwa hadhira, na mchezo umekwisha. Kwa upande wa fani, kisa hiki kina msuko wa moja kwa moja na kina nguvu jukwaani. Hatukatai kwamba vijana wamekufa hivyo, tena wengi.

Hata hivyo tuitazame ile methali kwa makini. Inataja kuvunjika kwa guu, lakini haikusema kwamba aliyevunjika guu huachwa njiani. Mguu ukivunjika hufungwa vibanzi, mtu akakalishwa kitako, akakandwa, akajifunza kutembea tena kwa gongo. Michezo yetu imeichukua nusu ya kwanza ya jambo na kuiacha ya pili. Utamaduni wetu una methali za upande wa pili pia. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunja koleo hakusifiwa kwa kuvunja. Aliambiwa tu kwamba kazi ingali ikimngoja. Ni methali inayofaa sana kwa mtu aliyeacha unga miezi sita kisha akateleza siku moja, na mpaka sasa hatujui mchezo wa shule uliojengwa juu yake.

Tufikiri sasa juu ya wasikilizaji. Katika darasa la wanafunzi 50 wa mji wa pwani, si ajabu kuwamo mmoja au wawili ambao kaka, mjomba au baba yao ni mraibu. Pengine kaka huyo yuko soba mwezi wa tatu sasa, au kila asubuhi hupanda basi kwenda kunywa methadoni yake. Mwanafunzi yule anakaa kati ya wenzake akitazama kaka yake akiuawa jukwaani, watu wakapiga makofi. Anajifunza mambo mawili: kwamba kaka yake amekwisha, na kwamba habari zake hazifai kutajwa.

Jambo hili la pili ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mwili wa mtu aliyekaa miezi bila heroini husahau kuistahimili. Akiteleza na kutumia kipimo kile kile alichokizoea zamani, kipimo hicho huweza kumwua kwa kumzimisha pumzi. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kutoka soba, au baada ya kutoka gerezani, ni siku za hatari kuu. Katika siku hizo mtu anahitaji mwenzake wa nyumbani anayeweza kumwambia ukweli bila kufukuzwa. Aliyefundishwa tangu shuleni kwamba kuteleza mara moja ndio mwisho wake hatamwambia mtu. Atajificha, na anayejificha, akizidiwa, hakuna wa kumwona. Sanaa iliyokusudiwa kuokoa maisha inaweza kwa njia hiyo kusaidia kuyapoteza.

Ushuhuda kama fasihi simulizi

Tukiondoka jukwaani tukaingia soba, tunakuta sanaa ya namna nyingine, ambayo wahakiki wetu hawajaitazama vya kutosha. Watu hukaa kwa duara. Mmoja hutaja jina lake na kukiri kwamba yeye ni mraibu, nao wenzake humwitikia kwa jina. Kisha husimulia: alianzaje, alipoteza nini, leo yukoje. Hakatizwi, wala habishiwi. Akimaliza hushukuriwa, na mwingine huanza.

Kwa vipimo vyote vya fasihi simulizi, huu ni utanzu. Una fanani na hadhira, una mwanzo na mwisho wa kimapokeo, una mwitiko, una mahali na wakati wake. Ubora wake mkubwa kwa upande wa maudhui ni kwamba hauna ubeti wa mwisho wa ngonjera. Msimulizi hasemi kwamba ameshinda. Hutaja siku alizokaa bila kutumia, na huweka shabaha ya leo tu. Kesho atasimulia tena, na kisa kitakuwa kimeongezeka siku moja. Hii ndiyo lugha ya nafuu tuliyoitaja hapo juu. Tena fanani na mhusika ni mtu mmoja. Ngonjera humsemea mraibu, mchezo humwigiza. Katika ushuhuda anasema mwenyewe.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Ushuhuda nao una kasoro zake, na ya kwanza ni mazoea. Kisa kinachosimuliwa kila siku hupata njia yake kama maji mtaroni. Marafiki wabaya, wizi wa nyumbani, kufikia chini kabisa, kuokolewa: vituo ni vile vile, na msimulizi mpya hujifunza upesi ni vipi vinavyotarajiwa. Yaliyo nje ya njia hiyo huachwa. Tunasikia machache juu ya ukosefu wa kazi, juu ya nyumba zilizovunjika kabla ya unga kuingia, au juu ya wenye mali wanaoingiza mzigo na wasioonekana katika kisa chochote. Vilevile soba nyingi ni za wanaume. Mwanamke mraibu wa pwani hubeba aibu mara mbili, na sauti yake haisikiki sana katika duara hizo.

Kasoro ya pili imetokana na kuazima. Kanuni ya kutotaja ukoo wala nasaba ilizaliwa Marekani, katika miji mikubwa ambamo mtu huweza kukaa bila kujulikana na jirani yake. Katika mtaa wa Ng'ambo au wa Mji wa Kale wa Mombasa hakuna mtu asiyejulikana. Kila mmoja ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, na habari zake hufika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo kuificha nasaba hakuwezi kutosha hapa. Lazima nasaba yenyewe itibiwe. Mama, ami na majirani nao wanahitaji mahali pa kukaa na kusema.

Kasoro ya tatu iko katika neno safi. Baadhi ya watu wa soba husema kwamba aliyeacha kila kitu ndiye aliye safi, na kwa neno hilo humtenga anayekunywa methadoni, wakidai kwamba amebadilisha unga kwa unga. Katika lugha ya watu wa pwani usafi umefungamana na tohara, na asiye safi huwa amenajisika. Kumwita hivyo mtu aliyerudi kazini, anayelisha watoto wake, na ambaye sindano haijamgusa kwa miaka mitatu, ni kuliacha neno litushinde akili. Dawa ya hospitali na kauli ya duara ni matawi ya tiba moja, na wako wanaoyahitaji yote mawili.

Bahari yenye nyuso mbili

Mchezo wa shule na ushuhuda wa soba hukutana katika jambo moja: vyote viwili huitumia bahari kama pazia tu. Ziko picha na maelezo yanayoisifu bahari kuwa ndiyo dawa: upepo mwanana, mchanga mweupe, jua likizama nyuma ya ngalawa, na mgonjwa aliyeketi akitazama maji. Wazo hilo lilipata nguvu Uingereza katika karne ya 18, matajiri walipokwenda Brighton kuoga maji ya chumvi kwa ajili ya afya. Limetufikia pamoja na utalii, nasi tumelipokea bila kuliuliza maswali.

Kwa mtu wa pwani bahari ni kwanza mahali pa kazi. Ni dema na mishipi, ni mwani, ni bandari na makuli. Tena bahari hiyo hiyo ndiyo njia ya unga. Upepo wa kaskazi, uliowaleta mabaharia na wafanyabiashara katika pwani hii kwa karne nyingi, ungali ukileta majahazi, na si kila shehena ni tende na mazulia. Ufuko nao ndipo kijana anapokutana na mtalii mwenye fedha na muuzaji mwenye kete. Mkazi wa soba anayesikia mawimbi usiku husikia sauti ya mahali alipovulia samaki na mahali alipoangukia, vyote kwa pamoja. Mwandishi atakayeweza kuzishika nyuso hizo mbili katika ukurasa mmoja atakuwa ametupatia picha ya pwani ambayo kadi za posta haziwezi kutupatia.

Mgonjwa mwenye kauli

Huenda mtu akasema kwamba tunaitaka fasihi yetu ifanye jambo geni kwake, yaani kumpa mgonjwa nafasi ya kusema. Si geni. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa amelemewa na maradhi, alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake. Wanafunzi wetu wamezoea kuusoma kama mkusanyo wa mawaidha kwa mwanamke, na wahakiki wamejadili sana kama mawaidha hayo yanafaa leo. Mjadala huo tunauacha kwa wengine. Sisi tunataka kuonyesha jambo moja tu: msemaji wa utenzi ule ni mgonjwa. Anamwita binti yake aje na karatasi na wino, na kutoka kitandani anafundisha. Ugonjwa haukumwondolea haki ya kusema, na wasikilizaji walimtegea sikio kwa zaidi ya miaka 150.

Riwaya nayo imewahi kufanya hivyo. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maimuna hutoka katika kufungiwa ndani akaanguka katika ulevi na maisha ya danguro. Mwandishi angeweza kumzika, na wasomaji wengi wangeona kwamba amestahili. Hakufanya hivyo. Alitulazimisha kumtazama kama binti wa nyumba fulani, mwenye sababu na mwenye baada yake. Basi mifano tunayo. Kinachotakiwa ni kuitumia.

Kazi ya mwalimu

Kwa kuwa makala haya yanakusudiwa kusomwa na walimu pamoja na wanafunzi wao, tumalizie kwa mambo ya kutenda. La kwanza ni lugha. Tunapendekeza kwamba neno teja litumike jukwaani kwa mhusika anayeonyeshwa kuwa na dharau tu, na wanafunzi wajadili baadaye ni kwa nini mhusika huyo amelitumia.

La pili ni msuko. Mchezo mzuri ungeweza kuanza pale ambapo michezo yetu huishia. Kijana amerudi nyumbani kutoka soba. Mama amefurahi, lakini usiku huhamisha mkoba wake chini ya mto. Mdogo wake hajui kama amsalimie kwa mzaha au kwa heshima. Jirani anachungulia dirishani. Asubuhi kuna nauli ya kwenda kliniki, na nauli hiyo lazima apewe mkononi na mtu aliyewahi kuibiwa naye. Katika nauli hiyo mna mgogoro wa kutosha tamthilia nzima: imani na hofu, mapenzi na kumbukumbu ya madhara. Wala mchezo huo usiwafiche wanafunzi ubaya wa unga. Utawaonyesha ubaya huo kwa kuwaonyesha jinsi ilivyo kazi nzito kurudi.

La tatu ni kusikiliza. Wanafunzi wa fasihi simulizi hutumwa kukusanya hadithi na methali kwa wazee. Kwa idhini na kwa adabu, na pasipo kutaja majina, mwalimu anaweza kumwalika mtu anayepata nafuu aje azungumze na darasa. Asialikwe ili aonyeshwe kama kioja, wala asitakiwe kulia. Aulizwe kama anavyoulizwa mjuzi yeyote: tufanye nini mwenzetu akirudi? Wanafunzi waandike jibu lake, kisha walilinganishe na ngonjera waliyoiimba mwezi wa Juni.

Taifa linalojivunia lugha yake halina budi kuitumia lugha hiyo pale inapohitajika zaidi. Kiswahili kimetupatia neno la kusema mtu asipokuwa mzima wala mfu, na desturi ya kwenda kumtazama akiwa katika hali hiyo. Maelfu ya vijana wa pwani wamo katika hali hiyo leo, katika soba na katika foleni za methadoni. Sanaa ya shule zetu ina deni la kwenda kuwajulia hali.